Wimbo Ambao Kerttu Hakuusikiliza

Kila Jumanne, masomo yalipokwisha, Kerttu Hakkarainen alivuka barabara iliyomwagwa changarawe ili watu wasiteleze kwenye barafu, akaingia maktaba ya mtaani kwao, akavua buti mlangoni na kupanda ghorofani kwa soksi. Huko juu kulikuwa na chumba cha muziki chenye zulia nene, spika mbili kubwa na rafu zilizojaa santuri. Humo ndimo walimokutana watoto wachache wa mji wa Kuopio waliojiita Duara la Masikio.

Mkutubi Mirja ndiye aliyelianzisha duara hilo. Kila mtoto alileta wimbo mmoja, akaupiga, kisha akawaambia wenzake ni msanii gani wamtafute na kwa sababu gani. Wengine walisikiliza huku wakila maandazi ya mdalasini ambayo Mirja alikuja nayo kutoka nyumbani.

Kerttu alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuna aliyeaminiwa kama yeye. Akisema mwimbaji fulani ni mzuri, wenzake waliliandika jina viganjani kwa kalamu wasije wakalisahau. Veikko, ambaye utani kwake ulikuwa kama chakula, alimwita Daktari.

"Daktari, leo naumwa hesabu," angesema. "Niandikie dawa."

Kerttu angemtajia msanii, na wiki iliyofuata Veikko angekuja akiapa kwamba amepona kabisa.

Masikio hayo makini Kerttu aliyarithi kwa babu yake. Jumamosi, baada ya kuoga mvuke wa sauna, babu alimketisha jikoni, akaweka santuri, na hakuna aliyeruhusiwa kutia neno hadi nyimbo zote zimalizike. Kisha walizungumza mpaka mama akawafukuza wakalale.

Babu alifariki mwezi wa Oktoba. Kerttu hakulia mazikoni, na watu walimsifu kuwa ni mtoto jasiri. Yeye hakujiona jasiri. Alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unauona, lakini hata ukiufinya hauna habari. Jioni moja aliweka wimbo ambao yeye na babu waliupenda kuliko nyimbo zote. Alisikia kodiani, akasikia ngoma, akasikia mtu anaimba. Basi. Wimbo ulipokwisha alikuwa kama mtu aliyetoka kusoma ratiba ya mabasi. Tangu hapo hakusikiliza tena.

Lakini Jumanne hazikuacha kuja, na wenzake hawakuacha kumwuliza. Kerttu hakutaka kueleza, maana hakujua ataeleza nini. Akaanza kusoma mtandaoni yale watu waliyoandika kuhusu wasanii wapya, akayachukua maneno yao na kuyasema kama yake. Wimbo aliupiga palepale chumbani huku akitazama theluji dirishani. Hakuna aliyegundua. Veikko aliendelea kupona.

Siku moja ya Januari, wenzao walipokuwa wakivaa buti, Saimi alimvuta kando. Saimi alikuwa msichana mpole wa darasa la Kerttu. Majira ya baridi ya mwaka juzi, kaka yake aitwaye Eetu alizama baada ya barafu kuvunjika chini ya miguu yake katika ziwa Kallavesi. Shule nzima ilijua, na hakuna aliyelitaja jambo hilo mbele yake.

"Kerttu, nisaidie," Saimi alisema kwa sauti ya chini. "Mama ameanza kusikiliza muziki tena. Kidogo kidogo, akiwa anapika. Wiki hii ni siku ya jina lake kwenye kalenda, ile tunayompongeza, nataka nimpe zawadi. Kitu cha taratibu, cha kumpumzisha moyo."

Asubuhi ile Kerttu alikuwa amesoma sifa za mwimbaji mmoja. Maneno yalikuwa bado yako mdomoni.

"Mpe Tyyne Rautalahti, ile santuri yake mpya. Ana sauti laini kama pamba. Inatuliza."

"Umeisikiliza yote?"

"Yote."

"Ahsante. Ndiyo maana nilitaka nikuulize wewe."

Kerttu alifunga kamba za buti akaenda zake. Hakuona kama amefanya jambo lolote.

Jumanne iliyofuata Saimi hakuja. Ile ya baada yake alikuja, lakini hakukaa. Alisimama mlangoni na koti lake mwilini.

"Kerttu," alisema, "wimbo wa nne unaimba nini?"

Veikko alipunguza sauti ya spika. Kerttu alijaribu kukumbuka kitu ambacho hakikuwahi kuingia kichwani.

"Sikumbuki vizuri."

"Unaimba habari za mtoto aliyekwenda ziwani asubuhi, barafu ikamfungukia. Unataja mpaka glavu zake. Mama alikuwa anakata vitunguu. Akaweka kisu chini, akazima, akaenda kulala. Tangu siku ile hapiki, haongei." Saimi hakupaza sauti hata kidogo. "Uliniambia umeisikiliza yote. Kama uliisikiliza, basi ulijua. Tulikukosea nini?"

Kerttu aliona ameshikwa kotekote. Akisema aliisikiliza, ni mkatili. Akisema hakuisikiliza, ni mwongo.

"Nilisahau habari za Eetu," alisema.

Veikko alimtazama, na safari hii hakuwa na utani. "Daktari, jambo lile mtu analisahauje?"

Saimi aligeuka akashuka ngazi. Kerttu alisubiri aumie, lakini hakuumia. Alisikia tu vidole vyake vya miguu vikiwa baridi ndani ya soksi.

Watoto walipoondoka, Mirja alifunga mlango wa chumba akaketi zuliani karibu naye.

"Haya, niambie mimi."

"Sikuisikiliza," alisema Kerttu.

"Hata wimbo mmoja?"

"Hata mmoja. Na si hiyo tu. Tangu babu afariki sijasikiliza chochote. Naweka wimbo, na ni kama unaimbiwa ukuta. Nilikuwa nasoma maneno ya watu, nawaletea ninyi."

Alisema hayo kwa sauti kavu, kama anayesoma tangazo.

"Kutosikia kitu si kosa, Kerttu. Pole, tena pole sana. Laiti ungeniambia mapema. Lakini Saimi amekwenda nyumbani akiamini umemwumiza mama yake makusudi. Utamwacha aamini hivyo?"

"Nikisema kweli nitaonekana mwongo."

"Utaonekana ulivyokuwa. Si zaidi."

"Utakwenda na mimi kwao?"

"Nitakufikisha mlangoni. Kusema utasema mwenyewe."

Mirja alibaki nje; mlango wa kwao aliufungua Saimi. Hakusema karibu, wala hakumfukuza. Mama yake, Outi, alikuwa ameketi mezani jikoni, amejitanda shali ya sufu, mbele yake kikombe cha kahawa kilichopoa. Kerttu alisimama karibu na jiko. Alianza kuongea kabla hajaambiwa, maana alijua akingoja atakimbia.

"Mimi ndiye niliyempa Saimi jina la yule mwimbaji. Nilimwambia nimeisikiliza santuri yote. Sikuisikiliza. Nilisoma maneno ya watu nikayafanya yangu. Na leo nikasema nilimsahau Eetu. Huo nao ulikuwa uongo. Naombeni radhi."

"Kwa hiyo hukujua," alisema Saimi.

"Sikujua."

"Si ungesema tu? Ungesema hujaisikiliza, mimi ningekwenda kumwuliza hata Veikko."

Outi alikizungusha kikombe chake, akakitazama muda mrefu.

"Wimbo wenyewe si mbaya," alisema hatimaye. "Yule dada anajua kuimba, ndiyo maana wimbo wake uliniangusha. Huenda siku moja nitausikiliza hadi mwisho. Ila siku hiyo ningependa niichague mwenyewe, si nikutwe na kisu mkononi." Akainua macho. "Unajua Eetu ilikuwaje akafika pale?"

"Hapana."

"Alimwuliza mwenzake kama barafu inabeba. Mwenzake akamwambia inabeba. Hakuwa mtoto mbaya yule. Hakuwa ameipima, na aliona haya kusema hajui. Mimi simchukii, na wewe sikuchukii. Lakini shika neno langu, mwanangu. Mtu akikuuliza, anaweka mguu pale ulipomwonyesha. Kama hujapima, mwambie sijapima. Kusema hivyo kunakuondolea sifa kidogo tu, na mwenzako anabaki salama."

Saimi alikuwa ameuegemea mlango, ameinamisha kichwa. Kerttu alitaka kusema amesikia, lakini kitu kilikuwa kimemkwama kooni, kidogo na kikali, kama mwiba wa samaki. Alimeza mate, hakikutoka. Hakulia. Alishangaa tu kwamba kilikuwa kinauma.

"Mirja amenipigia simu kabla hujafika," Outi aliendelea, sauti yake ikiwa imeshuka. "Ameniambia kuhusu babu yako. Mimi nami nilikaa mwaka mzima sisikii ladha ya chakula. Nilikuwa nakula kwa sababu saa ya kula imefika. Hairudi kwa kulazimishwa, na hairudi kwa kujifanya imerudi. Vua koti. Saimi, mchemshie mwenzako maziwa."

Saimi alikawia kidogo, kisha akachukua sufuria.

Jumanne iliyofuata Kerttu alifika kabla ya wote, na wenzake walipokwisha kukaa aliwaeleza yote tangu mwanzo.

"Yaani hata ile dawa yangu ya hesabu hukuisikiliza?" aliuliza Veikko.

"Hata hiyo."

"Na mimi nikapona." Veikko alijikuna kichwa. "Basi inaonekana sikuwa mgonjwa."

Mtu mmoja alicheka, na wengine wakafuata. Mirja aliwaacha wamalize.

"Sikilizeni," aliwaambia. "Hapa hatushindani nani anajua wasanii wengi. Mtu akikufuata kwa ajili ya wimbo, amekukabidhi masikio yake, na pengine moyo wake. Mpe ulichokisikia mwenyewe. Kama huna, mwambie huna. Kerttu leo hana wimbo, na nafasi yake katika duara iko palepale."

Kisha ikawa zamu ya Saimi. Aliweka wimbo wa kwaya ya kijiji alikozaliwa mama yake, wimbo mrefu, usio na ala hata moja. Kerttu hakutazama dirishani. Alikaza macho kwenye zulia na kufuata sauti moja baada ya nyingine mpaka zikanyamaza.

"Umeuonaje?" Saimi alimwuliza.

Zamani Kerttu angekuwa na maneno mazuri tayari. Alitafuta ndani yake, akasema lile alilolikuta.

"Sijui. Bado sijausikia moyoni. Ila nimeusikiliza wote."

Saimi aliitoa santuri taratibu na kuirudisha kwenye jalada lake.

"Sawa," alisema. "Wiki ijayo nitaleta mwingine."