Masika wa Sophie

Kazi ya Abigaïl ilikuwa kulinda mihogo. Kila asubuhi, akishateka maji na kufagia uwanja, mama yake, Virginie, alitandika turubai mbele ya nyumba yao huko Mulekera, mjini Beni, akamwaga mihogo ikauke, kisha akamwachia binti yake fimbo ya kufukuzia kuku na mbuzi. Ole wake kuku atakayedonoa kipande. Shule ilikuwa imefungwa tangu askari walipohamia madarasani na kuchoma madawati wapate moto wa kupikia. Ilikuwa miaka ya vita. Watu waliulizana asubuhi nani hakuamka, kisha wakaendelea na kazi zao.

Kando ya turubai hilo ndipo mchezo ulipoanza. Abigaïl, binti wa miaka kumi na mitatu, mwenye mdomo usiochoka, aliubuni mwenyewe akauita Safari. Kila mchezaji alijitungia mtu wake: anaweza nini, anapenda nini, anaogopa nini. Abigaïl alikuwa mwenye safari. Yeye ndiye aliyeeleza njia, mto na soko, na kusema kwa sauti ya kila mtu waliyekutana naye. Wachezaji nao walisema watu wao wanafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, walirusha maharage matano yaliyochomwa upande mmoja, na mawili yakianguka upande mweusi juu, umefaulu. Majina hawakujichagulia ovyo. Kila mtu wa Safari aliitwa kama watoto wa Kinande wanavyoitwa nyumbani, kwa zamu ya kuzaliwa: mvulana wa pili Kambere, msichana wa kwanza Masika.

Sophie alifika Beni na shangazi yake Rébecca, wakikimbia vita upande wa Kamango, na Virginie akawapa jiko lake walale humo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye hakufungua kinywa ila kuomba maji. Mwanzoni alikaa tu na kuwatazama wenzake wakicheza. Kisha siku moja akasema, "Miye pia niko na mutu. Anaitwa Masika."

Hakuna aliyemwuliza zaidi. Nyumba gani haina Masika? Walidhani Sophie ni kifungua mimba kwao, basi, safari ikaendelea.

Lo, huyo Masika! Alipenda parachichi kwa chumvi. Askari hakuwaogopa, ila aliogopa mbwa, hata awe mdogo kama paka. Akikasirika hakutukana, aliimba. Mwenye mtumbwi alipokataa kuwavusha, Masika alimwimbia mpaka akacheka na kushika kasia. Sophie akiwa Masika aliongea hadi midomo ikamkauka. Mara nyingine shangazi yake alisimama mlangoni pa jiko, akasikiliza huku amejiziba mdomo kwa kiganja, halafu akarudi ndani.

Wachezaji walimpenda Masika kupita kiasi. Wakifika njia panda walisema tumwulize Masika. Wakipata chakula walisema Masika agawe. Manassé, jirani yao ambaye hapo zamani alicheka vichekesho vya Abigaïl tu, sasa alicheka vya Masika. Abigaïl aliona wivu, na wivu ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mchezo ni wake, maharage ni yake, na huyu mgeni wa jikoni amekuja kumnyang'anya watu!

Basi siku moja akawapeleka wasafiri kwenye kizuizi cha askari. Akakunja uso, akasema kwa sauti nzito kwamba yule mwenye kuimba atoke mbele. Sophie akasema Masika anaimba. Abigaïl akamwambia arushe, na safari hii yanatakiwa meusi yote matano. Manassé akakumbusha kwamba sheria ni mawili. Abigaïl akamwambia anyamaze au atoke.

Sophie akarusha. Yakaanguka meusi manne.

"Umuachilie, Abigaïl," alisema polepole. "Miye nakuomba."

"Sheria ni sheria."

Kisha akasimulia, na alisimulia vizuri, maana kipaji alikuwa nacho. Alieleza mlio wa risasi. Alieleza Masika alivyoanguka kifudifudi kwenye tope, na wenzake walivyokimbia bila kugeuka. Akijua Masika anaogopa nini, akawaleta mbwa. Manassé naye akabweka, watoto wakaangua kicheko. Sophie akainuka akaenda zake. Na tuseme ukweli: moyo wa Abigaïl ulikuwa mtamu.

Utamu ule haukudumu. Baadaye mchana Rébecca alimtafuta Sophie kila mahali asimwone. Virginie akawauliza watoto, na Manassé akaeleza yote. Rébecca aliposikia habari za mbwa aliketi chini, akawaeleza. Masika alikuwa dada mkubwa wa Sophie. Alipigwa risasi walipokuwa wakikimbia kutoka Kamango, nao wakamwacha palepale barabarani, kwa kuwa risasi zilikuwa zinazidi. Nyuma yao walisikia mbwa.

"Ku mchezo wenu alikuwa angali muzima," Rébecca alimwambia Abigaïl. "Njo maana sikumukataza."

Virginie hakumpiga binti yake. Alimshika mkono kwa nguvu mpaka ukauma, wakaenda kumtafuta Sophie kwa barabara ya Mbau, ile iendayo upande wa Kamango, ambayo siku hizo hakuna mtu mwenye akili aliyeifuata kwa miguu.

Walimkuta Sophie kwenye kizuizi cha kweli. Alikuwa amepigishwa magoti juu ya kokoto, shavu limevimba kwa kofi, kwa sababu aliambiwa arudi akakataa. Askari mmoja alisema huyo ni mpelelezi. Alisema hivyo huku macho yake yako kwenye kitenge cha juu cha Virginie, kitenge chake cha Pasaka. Virginie alikifungua, akampa, akabaki na kile cha chini kilichopauka. Askari alikitupa begani bila asante, akamsukuma Sophie kwa mguu aende.

Wakaanza kurudi nyumbani. Abigaïl alitaka kuomba msamaha. Lakini Sophie ndiye aliyeanza kusema.

"Nilikuwa naenda kufukuza imbwa," alisema.

Abigaïl akalia njia nzima. Virginie hakumbembeleza.

Kesho yake watoto walikusanyika tena kando ya mihogo. Abigaïl aliomba msamaha mbele ya wote, akasema aligeuza sheria kwa sababu ya wivu. Akasema Masika hakufa, risasi ilimkosa, aamke waendelee na safari. Wote wakamtazama Sophie.

"Hapana," alisema Sophie. "Alikufa. Lakini hatukumuzika."

Abigaïl akafikiri. Halafu, badala ya kueleza yeye, aliuliza. Wamzike wapi? Chini ya mparachichi, akajibu Sophie. Nani achimbe? Mtu wa Manassé akachimba, na Manassé safari hii hakucheka. Watu wa watoto wengine wakashika fimbo kuzunguka kaburi, mbwa wasikaribie. Rébecca akatoka jikoni, akauliza kama naye anaweza kuwa na mtu katika mchezo. Abigaïl alipomwuliza ni nani, alijibu kwamba ni mama mwenye kuleta shuka la kumfunika Masika. Sophie akaimba wimbo wa Masika mpaka mwisho. Maharage yalibaki kwenye kikombe.

Virginie alikuwa akigeuza mihogo wakati wote huo. Watoto walipotawanyika, alimwita binti yake.

"Mutu akikuletea mutu wake ku mchezo, anakuletea kitu anabeba ku roho," alisema. "Umuulize kwanza: huyu ni nani kwako? Nini nisimufanyie? Wenye banakufuata banakuamini. Ukiwa na nguvu juu ya batu, haiko ya kubaumiza."

"Ndiyo, mama. Na kitenge yako?"

"Kitenge ilienda. Sophie iko hapa." Akamrudishia fimbo. "Kuku hata moja haijagusa mihogo tangu uanze hii kazi. Unajua kulinda. Sasa ulinde na batu."