Mgonjwa Hangoji Rezo

Rosine na mdogo wake Yvette walilima shamba moja la mihogo, upande wa Lusangi. Walitwanga majani yake, sombe, pamoja, wakabishana pamoja, na kila asubuhi waliitana kwa sauti kubwa kutoka nyumba hadi nyumba. Mwaka ule Yvette alikuwa na mimba ya kwanza.

Siku ya kujifungua, Rosine alimsindikiza hadi kituo cha afya cha kijiji. Mtoto alizaliwa mzima, wa kike. Lakini damu ya Yvette haikukatika. Muuguzi Zéphirin alimchoma sindano, akamwekea serumu ya maji mshipani. Damu iliendelea kutoka.

"Mama Rosine," alisema, "uwezo wangu umefika mwisho. Inafaa ambilansi ya hospitali ya Kasongo. Kamata simu, panda kule kilima. Huku chini rezo haiko."

Rosine alipanda mbio kutafuta mtandao. Juu aliwakuta watu wengi, kila mmoja na simu yake. Wengine walitazama mpira, wengine waliongea na ndugu zao walio kwenye machimbo ya Salamabila. Rosine alipiga. Simu ikakatika. Alihama upande, akapiga tena. Ikakatika. Mara rezo ikapotea kwa wote. Mnara ulikuwa umeishiwa umeme.

Kule chini hawakuweza kungoja zaidi. Walimpakia Yvette kwenye pikipiki, katikati ya dereva na Zéphirin. Alikufa njiani. Rosine alikuwa bado kilimani, anapiga.

Tangu siku hiyo alimlea mtoto wa mdogo wake. Alipokutana na Zéphirin, alitazama pembeni bila salamu. Alimlaumu yeye. Usiku alijilaumu mwenyewe.

Mvua zilipokwisha, mama mmoja alifika kutoka Kasongo. Aliitwa Mounira. Kazi yake ilikuwa kufunga vyombo vya mawasiliano katika vituo vya afya. Watu walikusanyika kumsikiliza. Rosine alikaa nyuma kabisa, mtoto mgongoni.

"Ile siku mudogo wangu alikufa, nilipiga, ikakatika. Simu yangu ilikuwa mubaya?" aliuliza.

"Hapana, mama," alijibu Mounira. "Mnara ni kama njia nyembamba. Watu wakijaa wote na video zao, hakuna anayepita. Na umeme ukiisha, njia inafungwa. Lakini mgonjwa hawezi kungoja."

"Basi si mimi."

"Si wewe. Wala si muganga wa kituo."

Rosine aliinamisha kichwa. Maneno yale hayakumfariji. Ingekuwa nafuu kwake kuwa na mtu wa kulaumu.

Mounira aliwaonyesha sahani ndogo iliyofungwa juu ya paa la kituo. Ilipokea intaneti kutoka kwenye setilaiti, bila kupitia mnara. Ilikuwa na batri yake na umeme wake wa jua.

"Hii ni ya wagonjwa," alisema. "Kama kila mutu atachaji simu hapa na kutazama mpira, batri itaisha, na mutarudi kule kule. Muipime kila asubuhi. Na ukiwa mbali, rezo ikiwa kidogo, andika mesaji fupi: nani mgonjwa, iko wapi, anaumwa nini. Mesaji inaweza kupita hata sauti ikishindwa."

Watu waliulizana nani atunze ufunguo wa chumba chenye mtambo ule.

"Mama Rosine," alisema Zéphirin.

Rosine alitaka kukataa. Kisha akanyoosha mkono, akaupokea.

Kazi ile haikumletea marafiki. Siku moja jirani yake, Pitchou, alisimama mlangoni.

"Mpira wa leo tu, mama. Kwani nani mgonjwa?"

"Hakuna. Na hauingii."

Pitchou aliondoka akinung'unika kwamba msiba umemkausha roho yule mama. Lakini kila asubuhi Rosine na Zéphirin waliipigia simu hospitali kupima mtambo. Hivyo wakaanza kuongea tena, maneno machache tu.

Kisha Victorine, mke wa Pitchou, akajifungua pale kituoni, na damu ikatoka vilevile. Rosine alifungua haraka chumba cha mtambo. Zéphirin alipiga simu. Daktari wa Kasongo akaonekana palepale kwenye kioo cha simu.

"Nionyeshe mgonjwa," alisema.

Rosine ndiye aliyeshika simu. Daktari alimwelekeza Zéphirin namna ya kukandamiza tumbo la uzazi, na dawa ya kuongeza. Ambilansi iliondoka Kasongo wakati bado wanaongea. Zéphirin hakuondoa mikono yake mpaka ilipofika. Victorine aliingia hospitali akiwa hai.

Aliporudi nyumbani, alikwenda na mumewe kwa Rosine. Pitchou alimbeba mtoto. Victorine ndiye aliyesema:

"Yaya Rosine, dada yangu, mutoto ni wa kike. Tunataka kumuita Yvette."

Rosine alimfunika mtoto vizuri kwa kitambaa chake.

"Hapana," alisema. "Yvette alikufa. Huyu iko muzima. Mumupe jina lake mwenyewe."

Akawasogezea viti, akaingia jikoni kutafuta chakula. Walimsikia akilia huko ndani, polepole. Wakakaa, wakamngoja.