Vibendera Kumi na Moja

Kwa miezi miwili nimekuwa nikisema kisa hiki kilimpata jirani yangu wa Gashonga. Jirani huyo hayupo. Kilinipata mimi, na leo nakieleza kilivyo, ingawa uso unaniwaka.

Ilikuwa Jumanne ya kiangazi, siku ya kawaida kabisa, ndizi zinapakiwa kwenye pikipiki na mbwa wamelala barabarani. Shemeji yangu Ladislas, mpimaji wa ardhi, alikuja kunichukua. Mtambo wa kusafisha majitaka, ule wa bondeni chini ya njia ya Mibirizi, ulikuwa unapanuliwa. Kabla ya kuchimba bwawa jipya ilibidi kinamasi kipimwe na kuchorwa kwenye ramani, kwa sababu ndani ya kinamasi hairuhusiwi kuchimba. Ladislas alihitaji mtu wa kuwachangamsha wanakijiji mkutanoni, kisha amsaidie kupanda vibendera. Mimi ni mchekeshaji, wananiita Papa Gaju. Nimesomea jukwaa Bukavu miaka minne, nina tumbo la watu wawili na sauti ya ukumbi mzima. Angemwita nani mwingine?

Mkutanoni alisimama mukecuru, yaani bibi kizee, Nyirabagenzi, mjane mwenye kisima ambacho kaya tano huchota. Akasema maji yapo mpaka juu, chini ya mihogo yake, hata kama macho hayayaoni. Wote walijua mazoea yake: akivuka lile shamba la vumbi, huinua kitenge mpaka magotini na kwenda hatua kwa hatua, kama anayevuka mto.

Basi nikainuka. Nikapandisha suruali. Nikavuka uwanja kwa ncha za vidole huku nikipiga kelele, "Mungu wangu, mamba!" Jamani, watu walianguka. Kiongozi wa kijiji alitema chai. Nyirabagenzi peke yake hakucheka. Alinitazama miguu.

Baadaye Ladislas akanionyesha kazi. Unatoboa udongo kwa kekee ndefu mpaka kina cha goti, unaivuta, unatazama rangi. Udongo ukiwa mwekundu, hapo ni pakavu. Ukiwa wa kijivu wenye madoa ya kutu, hapo maji hukaa, hata kama juu ni vumbi. Pale rangi inapobadilika, unapanda kibendera. Kesho yake yeye hupita na kifaa chake kurekodi kila kibendera, na mstari huo ndio unakuwa ramani. Akaenda upande wa pili wa bonde. Mimi nikaachiwa upande wa Nyirabagenzi.

Nikatoboa. Kijivu. Nikapanda mteremko hatua kumi. Kijivu. Katikati ya mihogo yake kekee ilileta udongo unaonuka mayai viza, na shimo likajaa maji polepole, mbele ya macho yangu.

Mukecuru alikuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa nimemfanya kichekesho mbele ya kijiji kizima. Bukavu walitufundisha: mzaha ukishashika, usiuachie. Nikafukia shimo kwa kisigino. Nikashuka, nikapanda vibendera vyote kumi na moja mbali kule chini, shamba na kisima vikabaki nje ya kinamasi, tayari kwa kuchimbwa. Hakuna aliyenihonga. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa tu kuchekwa.

"Papa Gaju."

Alikuwa nyuma yangu, pindo la kitenge mkononi.

"Umeona maji," alinong'ona.

"Nimeona udongo, mukecuru."

"Mwana yangu, bile bibendera ubirudishe. Bantu banacheka, banachoka, banaenda kulala. Maji haichekake."

Nikamjibu, na naona haya kuliandika: "Basi unisalimie mamba."

Siku ya tisa walimkuta mukecuru ameketi kizingitini, saa sita mchana, mgongo mlangoni. Amekufa. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei. Kitenge chake kilikuwa kimelowa mpaka kiunoni.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nachekesha harusini Kamembe. Fundi Twahiru, seremala, alikuwa anamwoza binti yake. Wageni wakaanza kuita, "Papa Gaju, ile ya mamba! Ya mamba!"

Nikapandisha suruali.

Hatua ya kwanza, baridi ikanishika kifundo cha mguu. Nikacheka. Hatua ya pili, ikapanda kwenye muundi. Ukumbi ukacheka. Hatua ya tatu, goti. Kisha kicheko kikakatika, safu baada ya safu, kuanzia mbele. Walikuwa wanatazama sakafu. Nyuma yangu kulikuwa na nyayo tatu za maji.

Kando yake, nyingine. Ndogo. Mbichi. Zilikuwa nne, ya nne mbele yangu.

Nilichukua pikipiki mpaka bondeni, nivihamishe vile vibendera kwa mikono yangu kabla wachimbaji hawajavifuata. Nikakuta matundu kumi na moja, yamejaa maji mpaka juu. Vibendera havikuwepo.

Nikamweleza Ladislas kila kitu. Laiti angenigombeza.

"Mukecuru alikujaka kuniuliza," alisema taratibu. "Miye nikamuambia mustari iko sawa. Nikamuambia, ni shemeji yangu njo alipima."

Alipima upya, akaandika barua, na jina langu limo, pamoja na nililofanya. Bwawa litachimbwa upande mwingine. Kisima kimepona. Nimeshapita nyumba tano zile kuomba radhi. Wananipa kiti, hawanipi maneno. Ningependa kuishia hapo.

Lakini nyumba yangu iko juu ya kilima, juu ya mwamba mtupu. Jumatatu asubuhi mke wangu Uwineza aliniita sebuleni. Kwenye saruji, bila ufa wowote, vilisimama vibendera vyekundu. Kimoja mlangoni. Kingine chini ya meza. Kingine mbele ya kabati. Mstari ulinyooka mpaka chumbani. Cha kumi na moja kilikuwa upande wangu wa kitanda.

Nimeving'oa. Matundu hayakubaki. Sakafu ni kavu, kila saa naigusa kwa kiganja, ni kavu.

Ila Uwineza, tangu juzi, akivuka sebule kuniletea chai, huinua kitenge mpaka magotini. Anakwenda hatua kwa hatua. Leo nikamuuliza kwa sauti ndogo kwa nini anafanya hivyo.

Alinitazama miguu.