Mlezi wa Jina Tu

Asubuhi ile, ndugu zangu, nyumba ilikuwa imetulia. Mama, aliyepoteza macho zamani, alikaa mezani akijibu barua za wateja wa kiwanda cha viatu. Kompyuta ilimsomea kwa sauti, naye akaandika. Ndiyo kazi yake, ndiyo macho yake.

Ng'ambo ya meza ile ile, bintiye, ambaye wenzake walimbandika jina la Fagio, alikuwa akisafisha bohari. Si bohari ya magunia. Ni bohari ya programu huria, ambazo yeyote huzichukua bure na kuzitengeneza. Kila kifurushi cha programu kina mlezi. Kikikosa mlezi huitwa yatima, na mwenye moyo hukichukua. Lakini chenye mlezi hakiguswi na mwingine, hata mlezi mwenyewe akilala fofofo.

Kimoja kilikuwa kimeoza, kina tundu la kupitisha wezi. Mlezi wake, aliyejiita Nguzo, alionywa na kuonywa tena. Kimya. Fagio, aliyeruhusiwa kufuta kilichooza tu, akakifuta.

Punde kompyuta ya Mama ikajisasisha kutoka bohari ile kama ilivyozoea. Sauti ikakatika katikati ya neno.

"Mwanangu," Mama aliita, vidole vikipapasa meza, "mbona haisemi?"

Fagio alikagua upesi. Kumbe sauti ile ilikiegemea kifurushi kile!

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka kwa kishindo. Kaka yake alitoka na simu mkononi.

"Mshenzi gani kafuta kifurushi changu?"

"Chako?"

"Nguzo ni mimi! Jina hilo naliringia tangu chuo."

"Na maonyo?"

"Ah, yale? Nani ana muda wa kusoma yale?"

"Kuna mwalimu kila siku anakuomba umwachie akilee."

"Nimwachie jina langu? Thubutu!"

Mama akamgeuzia mwanawe wa kiume uso polepole.

"Baba, ulijua ndicho kinachonisomea?"

Kaka mtu aliinamia sakafu. "Nilijua, Mama."

Hebu fikirieni. Alijua!

Fagio hakungoja zaidi. Alikirudisha kifurushi bohari na, kwa kuwa mlezi amekiri mwenyewe kukitelekeza, akakitangaza kuwa yatima. Mwalimu yule akakidaka, akaliziba tundu, na jioni kompyuta ikapata sauti. Cha kwanza ilichomsomea Mama kilikuwa onyo la kiwanda: barua za leo hazikujibiwa, na zikichelewa tena, kazi hana.

"Sijasikia ukiniomba radhi kwa kunifutia," kaka mtu alinung'unika.

"Utaingoja sana," Fagio alimjibu, bila kuinua macho.

FUNZO

Ukishika kazi ya watu, ifanye. Ikikushinda, iachie, maana wapo wanaoililia. Yatima huokotwa, aliyefungwa kwa mlezi wa jina tu huozea mikononi mwake, na anayeumia huwa wa nyumba hiyo hiyo.

Najua wapo watakaonuna kwamba nimewasema wao. Ndiyo, nimewasema. Na radhi siombi.