Kipimo cha Jumatatu

Kabati lilikuwa wazi. Kufuli lilining'inia bila mkwaruzo wowote, na pale ilipokuwa diski pamebaki alama safi ya mstatili katikati ya vumbi.

"Hakuvunja, afande. Alikuwa na ufunguo," alisema Konstebo Kipkemei.

Inspekta Nabalayo alikwisha kuliona hilo. Diski iliyoibwa ilihifadhi picha zote ghafi za hadubini za Daktari Hiram Muiruri, mtafiti wa ndigana, homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe, katika kituo hiki kidogo kwenye barabara ya Subukia. Wiki mbili zilizopita daktari aliletewa barua ya kumshtaki kwamba amepika matokeo. Siku ya nne moyo wake ukasimama. Angezikwa Kabazi Jumamosi, na leo ilikuwa Alhamisi.

Funguo za kabati zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao fundi wa hadubini, Nicodemus Ogada. Wa marehemu alikuwa nao binti yake, Wamuyu, ndiye aliyepiga ripoti.

"Ulichukua diski ili kumfichia baba yako?" Nabalayo alimuuliza.

Wamuyu alikuwa amevaa sweta ya babake, mikono imemzidi. Alimtazama inspekta mpaka inspekta akaangusha macho.

"Kuna mtaalamu Nairobi amekubali kuzipitia hizo picha upya kabla ya mazishi. Zikipotea, madam, baba anazikwa akiitwa mwongo. Nizifiche nipate nini?"

Nabalayo alienda getini kutafuta kazi ya kufanya. Akachukua kitabu cha askari wa zamu, akakipitia ukurasa kwa ukurasa, kisha akakilinganisha na daftari la maabara. Saa nane akamwita Nicodemus.

Fundi aliketi, mkoba katikati ya miguu.

"Nieleze mashine hii kama unamweleza mama yako."

"Mama angeuliza inakula stima kiasi gani." Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Vitu tunavyopiga picha ni vidogo kuliko mwanga unavyoweza kuonyesha. Kwa hivyo tunavifanya viwake na kuzima, vitone vichache kwa zamu. Tunapiga picha elfu ishirini. Halafu programu inatafuta kila kitone kiko wapi hasa, inaviunganisha."

"Na programu ikikosea?"

"Tunaipima kila Jumatatu. Kuna kioo chenye alama, umbali kati yake unajulikana. Lazima isome nanomita themanini."

"Ipime sasa."

Alipima. Kompyuta ikasoma themanini. Nabalayo akafungua daftari. Miezi minane, kila Jumatatu: themanini, na sahihi ya Nicodemus.

"Hii Jumatatu ya tarehe kumi na tisa, ulipima?"

"Nilipima, madam."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi, kama kawaida."

Akamsukumia kitabu cha getini. "Soma."

Nicodemus alisoma kwa sauti ndogo. "Stima hakuna tangu usiku. Jenereta haina dizeli. Wafanyakazi wote wamerudi nyumbani saa tatu."

"Ulipima na tochi?" aliuliza Kipkemei.

Nabalayo alimkazia macho konstebo. Kisha akamwambia fundi, "Una haki ya kunyamaza. Utakachosema kitaandikwa."

Nicodemus aliinama, akafungua mkoba, akaiweka diski mezani.

"Nimekuwa nikienda nayo kwenye maombi nyumbani kwa daktari kila jioni. Nilishindwa kuitupa."

"Anza mwanzo."

"Stima ilipotea ghafla, programu ikaharibika. Nikaiweka upya. Kuna namba ya kamera unafaa kuandika, ukubwa wa kila nukta ya picha, ya kwetu mia moja sitini. Nilisahau. Ikabaki ile programu huja nayo, mia moja. Kuanzia hapo kila umbali ulitoka mfupi. Ningepima Jumatatu moja tu ningesoma hamsini, ningejua. Lakini miaka yote ilisoma themanini. Nikazoea kuandika tu."

"Uligundua lini?"

"Siku barua ilipofika. Nikarekebisha namba kimyakimya. Picha zile zikipitiwa upya kwa namba sahihi, zinakubaliana na za watafiti wengine. Daktari hakupika kitu."

"Na ukanyamaza kwa nini?"

"Mimi nilikuwa naosha chupa hapa, madam. Yeye ndiye alinifundisha hii mashine. Wageni wakija aliwaambia, huyu Nico hakosei. Ningeanzia wapi?"

Nabalayo aliinuka, akaufungua mlango. Wamuyu alikuwa kwenye benchi ya nje. Alipokwisha kuelezwa, aliingia akasimama mbele ya fundi.

"Baba hakukuuliza?"

"Alinipigia simu siku ya tatu."

"Akasemaje?"

"Akasema, Nico, hebu niambie, mashine iko sawa?"

"Nawe?"

"Nikamwambia iko sawa, daktari." Nicodemus alijifunika uso. "Akasema, basi kosa ni langu, sijui tu liko wapi. Akanishukuru."

Wamuyu aliichukua karatasi ya maelezo mezani, akaiweka mbele ya Nicodemus pamoja na kalamu.

"Anza na hiyo simu," alisema. "Na uandike vizuri. Nitaisoma Jumamosi."