Nilihamisha Ua wa Njia, Jirani Akaniponya Jicho

Nina miaka thelathini na tisa. Ni mjane, nina watoto wanne na butiki ndogo ya sabuni na chumvi hapa Nyamianda, mjini Uvira. Macho yangu yote mawili ni mazima... Likumbukeni hilo, wasomaji wenzangu, nitalirudia.

Kati ya kiwanja changu na cha jirani yangu, Mama Sifa, inapita njia inayoshuka ziwani. Upande wangu mpaka wake ulikuwa ua wa miyenzi, ile mimea yenye utomvu mweupe unaochoma macho. Aliupanda marehemu baba mkwe wangu. Kwetu karatasi zinalowa na kupotea, miyenzi inabaki, na hakuna anayegusa mpaka uliopandwa na marehemu.

Mimi nilifanya nini? Nilijenga butiki mbele ya ua, ndani ya njia ya watu! Wala sikuwa peke yangu. Huyu alisogeza baraza, yule alichimba choo, mpaka watu wenye ndoo wakawa wanapishana kwa ubavu.

Siku moja shefu mpya wa avenyu, mkuu wa mtaa aliyehamia kwetu juzi tu, akatutangazia kwamba komine, yaani halmashauri, inairudishia njia upana wake. Watapima kuanzia ua wangu kwenda ng'ambo, na kitakachokutwa ndani ya kipimo kitavunjwa.

Butiki ndiyo iliyokuwa ikituweka mjini! Wanangu wangekula nini?

Jumapili, watu wote wakiwa kanisani, nilisingizia kuumwa kichwa. Nikang'oa miyenzi ya baba mkwe, nikachomeka matawi yake hatua tatu mbele ya butiki, nikaacha mwanya wa mlango. Yalikuwa majira ya mvua, nilijua yatashika upesi.

Nilikuwa namalizia shina la mwisho utomvu uliponirukia jichoni. Jamani, ule moto! Nilipiga kelele kama kichaa.

Aliyekuja mbio ni Mama Sifa. Hakwenda ibadani kwa sababu mtoto wake, Riziki, alikuwa hajatimiza miezi miwili.

“Usijikune! Fungula jicho, minye nikutilie maziwa,” alisema; kwao “minye” ndiyo “mimi”.

Akanilaza pale pale chini, akatoa ziwa, akanikamulia jichoni, tena na tena. Riziki alikuwa analia kwa njaa mgongoni kwake. Nilisema nilikuwa nakata vijiti vya maharage. Akaendelea kukamua.

Wiki tatu baadaye wapimaji walifika na kamba yao. Walipoona ua wangu umeshika, waliuanzia huo, na kamba ikaingia katikati ya chumba cha Mama Sifa. Wakaupaka ukuta wake msalaba mwekundu.

Mume wake alikuwa mbali, migodini. Mama Sifa alisimama pale na mtoto, akawaambia wapimaji kamba imekosea. Majirani? Kila mmoja alikuwa na baraza lake la kulinda, kila mmoja akatazama chini.

Ndipo akanigeukia mimi. “Mama Neema, weye unajua mupaka. Waambie tu.”

Shefu wa avenyu naye akaniuliza. Nikajibu kwamba ule ni ua wa baba mkwe, niliupunguza matawi tu, haujawahi kusogea tangu alipoupanda!

Asante ya punda ni mateke, nami nilikuwa punda hasa. Mama Sifa aliniangalia jicho lile, likiwa bado na wekundu kidogo, akaenda kuanza kutoa vyombo. Godoro lake aliliacha kwangu nimtunzie. Akanishukuru!

Walivunja nusu ya nyumba. Nusu iliyobaki aliifunika turubai, na mvua ya mwezi ule haikumhurumia. Mimi nilisema nyumba yangu ni ndogo... Riziki alianza kukohoa. Siku ya sita hakukohoa tena.

Jeneza lake lilipitishwa kwenye ile njia pana, mbele ya butiki yangu. Nilikuwa nimefunga mlango, nachungulia.

Baada ya matanga Mama Sifa alikuja kuniaga, anarudi kwa wazazi wake Lubarika. Nilimtolea godoro. Hapo akasema, taratibu kabisa:

“Ile siku ya jicho nilijua. Niliona miyenzi mupya.”

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema mbele ya watu.

“Ningesema minye, ingekuwa maneno ya muntu anataka kuokoa nyumba yake. Nilikuwa nangoya weye.”

Akajitwika godoro, akaondoka. Matiti yake yalikuwa bado yanavuja, kitenge kimelowa kifuani.

Jicho langu lilipona kabisa. Maziwa yaliyoliponya yalikuwa ya Riziki! Kila asubuhi nikifungua butiki linaona ile nusu ya nyumba ng'ambo, na majani yanaota ndani.

Ndugu zangu, kama baraza lako limeingia njiani, livunje leo kwa mkono wako mwenyewe. Njia ni ya watu wote, na atakayeilipia siyo lazima awe wewe. Na ukiulizwa mpaka uko wapi, sema! Mimi nilihitaji maneno matatu tu: niliuhamisha ua mimi. Nimewaandikia ninyi msionijua... Shefu wa avenyu hununua sabuni kwangu kila Jumamosi, na hadi leo sijamwambia.