Pampu!

Saa nne asubuhi, jua likiwa limeshaingia gereji hadi kwenye meza ya vifaa, Bi Spana alimaliza chai yake, akafuta mikono, akaliinua kwa jeki gari la marehemu mdogo wake. Jina la Bi Spana lilianza kama utani, wanaume wa mtaani kwetu wakimcheka mwanamke anayelala chini ya magari. Siku hizi wanaume hao hao ndio wanaopanga foleni mlangoni kwake.

Gari lilikuwa la mbio, jekundu, limekaa chini mpaka tumbo linakaribia lami. Mdogo mtu alilipenda kupita kiasi. Aliliendesha pekupeku, kwa mguu wa kulia uliokosa kidole kidogo, kilichopondwa na jeki walipokuwa wanajifunza kazi. Homa ilimchukua miezi mitatu nyuma. Tangu hapo, kila aliyekanyaga breki alisikia magurudumu ya mbele yakilia, sauti nyembamba, ndefu, na watu wakaapa kwamba inaita: "Daaada."

Baba yao mdogo alikuwa amepita asubuhi ile.

"Gari hili lina mtu," alinong'ona. "Saa nane naleta wakataji vyuma walikatekate."

"Lina diski mbovu za breki, baba mdogo. Likinyamaza je?"

"Likinyamaza, lako."

Bi Spana hakuwa na kitu kingine cha kumkumbukia mdogo wake. Kwa hiyo alifanya kazi kwa hasira. Alitoa gurudumu la kulia, akafungua kalipa, kile kibanio cha breki, na kuining'iniza kwa waya. Diski ya zamani ilikuwa imelika, ina mifereji unayoweza kuihesabu kwa ukucha. "Mchawi wenu huyu hapa," alisema, akaitupa pembeni. Alisugua kutu kwa brashi ya waya, akafuta mafuta kwenye diski mpya, akarudisha pistoni ndani ili pedi mpya nene, zinazoibana diski, zipate nafasi, akakaza bolti.

Pistoni zikisharudishwa, pedali ya breki inabaki tupu. Lazima mtu akae kwenye kiti aipampu hadi iwe ngumu, la sivyo gari halisimami. Tangu utotoni, Bi Spana alikaa gurudumuni na mdogo wake kitini. Dada aliita, mdogo akaitikia.

Akili yake ilikuwa kwenye bolti. Mdomo ukajiendea wenyewe.

"Pampu!"

Akajiuma ulimi. Gerejini hapakuwa na mtu mwingine.

Kisha kiti kikalia. Pedali ikasikika ikishuka. Ikapanda. Ikashuka tena. Mbele ya macho yake, pedi zilisogea zikaibana diski.

"Ngumu," sauti ikanong'ona ndani ya gari.

Miguu ilitaka mlango. Akaikatalia.

"Sikimbii," alisema, meno yakigongana. "Hii gereji ni ya baba yetu. Kama ni wewe, upande wa kushoto bado. Kaa hapo hapo!"

Akahamia kushoto. Spana ikamponyoka mara mbili. Hakuinua macho kwenye kioo. Alipokaza bolti ya mwisho, aliita tena, safari hii kwa kusudi.

"Pampu!"

Pedali ikashuka. Ikapanda.

"Ngumu."

Saa nane baba mdogo alifika, amewatangulia wakataji. Bi Spana, aliyekwisha kurudisha magurudumu, akalizungusha gari uani, akakanyaga breki kwa nguvu mbele yake. Likasimama kimya kabisa.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Hata hivyo linaondoka," akasema mzee bila kumtazama. "Nipe ufunguo."

"Ulisema likinyamaza ni langu!"

Mzee alimnyang'anya ufunguo, akaingia, akakanyaga breki. Pedali ikazama hadi sakafuni. Akarudia. Ikazama.

"Halina breki hili!"

"Nipishe."

Bi Spana akaketi, akakanyaga. Ngumu kama jiwe. Baba mdogo aliinama kutazama, akabaki ameinama. Kwenye raba ya pedali palikuwa na alama ya mguu mtupu, ya grisi mbichi, yenye vidole vinne.

Alirudi kinyumenyume hadi getini, na wakataji wake wakageuzwa njiani.

Bi Spana bado analiendesha gari lile, tena mchana kweupe, vioo vimeshushwa. Analiosha lote kila wiki, isipokuwa raba ile. Grisi yake mpaka leo haijakauka.